Mwongozo kamili wa kuchagua vifaa vya kompyuta ya gemu unayoijenga mwenyewe: anzia kwenye skrini

Wakuu, mara kwa mara napata meseji ya mtu anasema "nimeshanunua prosesa kali, saivi niambie kadi gani inaifaa", na kila nikiisoma roho inaniuma, maana pesa ishaanza kutoka kabla swali la kwanza halijaulizwa. Swali lenyewe ni hili: utakuwa unaangalia skrini gani na unacheza gemu gani? Ukianza na prosesa unajenga nyumba kwa kununua mlango kwanza. Mwongozo huu nimeupanga kwa mfuatano ninaoutumia mwenyewe, kila hatua inategemea iliyotangulia, kwahiyo usiruke ukakimbilia kwenye kadi ya grafiki hata kama ndo inayokuvutia.

HATUA YA 1: SKRINI NA GEMU

Skrini ya 1920×1080 (ndo 1080p) ina pikseli, vile vidoti vinavyounda picha, kama milioni 2. Ya 2560×1440 (1440p) ina kama milioni 3.7. Ya 4K ina milioni 8.3 hivi, yaani mara nne kamili ya ile ya kwanza, na kadi ya grafiki inabidi izichore zote upya kila fremu (kila picha moja). Alafu kuna hezi, yaani mara ngapi kwa sekunde skrini inabadilisha picha. Kwenye skrini ya hezi 60 kila fremu ina milisekunde 16.7 za kuwa tayari, kwenye hezi 144 ni kama 6.9 tu, na ndani ya muda huo mdogo prosesa lazima iwe imeshapiga hesabu za gemu (adui yuko wapi, risasi imempata nani, gari limegonga nini) ndo iikabidhi kadi kazi ya kuchora. Kwahiyo pikseli zikiongezeka anayeumia zaidi ni kadi, fremu kwa sekunde zikiongezeka anayeumia zaidi ni prosesa. Shika hilo, huko mbele kote tutakuwa tunalirudia.

Mi naigawa hivi. Kama muda wako mwingi ni magemu ya ushindani, Counter-Strike 2, Valorant, Dota 2, chukua skrini ya 1080p au 1440p yenye hezi 144 kwenda juu na prosesa iwe na nguvu. Kama ni mtu wa magemu ya hadithi yenye dunia kubwa na mwanga mzuri, mfano Cyberpunk 2077, pesa ielekee kwenye kadi, na skrini ya 1440p ya inchi 27 ndo naona imekaa pazuri kuliko zote saivi. 4K ni nzuri sikatai ila inakamua kadi vibaya mno, na ukikaa umbali wa kawaida wa meza faida unayoiona haifanani na gharama. Hakikisha pia skrini ina FreeSync au G-Sync, hiyo inaifanya skrini ifuate mwendo wa kadi ili picha isikatike katikati pale fremu zinapopanda na kushuka.

Chukua karatasi uandike magemu matatu unayocheza kweli (sio unayotamani kuja kucheza siku moja), resolusheni (idadi ya pikseli za skrini) na hezi. Ukienda kununua chochote iwe mfukoni.

HATUA YA 2: KADI YA GRAFIKI

Hapa ndo pesa kubwa inaenda. Ukiondoa skrini, mi huwa natenga kama asilimia 40 ya bajeti kwa ajili ya kadi, kwa mtu wa gemu za hadithi naipandisha kidogo, kwa mtu wa gemu za ushindani naishusha hadi 30 na kitu ili prosesa ipumue.

Cha kwanza kuangalia baada ya nguvu yenyewe ni memori ya kadi, ile VRAM. Hii ndo sehemu vitu vya gemu vinakolala: picha za kuta, nguo, majani, kila kitu unachokiona. Ikijaa, kadi inaanza kuazima RAM (memori ya kazi) ya kompyuta kupitia njia ya PCIe, ile inayounganisha kadi na mazabodi (bodi kuu), ambayo ni nyembamba sana ukilinganisha na memori yake yenyewe, na hapo ndo unaona gemu linakwamakwama hata kama kaunta inakuonyesha fremu nzuri, au picha za kuta zinachelewa kuja zinabaki kama udongo uliolowa. Kwa magemu mapya, GB 8 mi naichukulia kama ya 1080p kwa setingi za kati na tena kwa mtu ambaye bajeti imembana kweli. GB 12 inatosha 1440p kwa magemu mengi, GB 16 ndo unakaa na amani miaka kadhaa.

Na hapa kuwa makini sana na majina, maana watengenezaji wanatumia jina moja kwa vitu viwili. RTX 5060 Ti ipo ya GB 8 na ipo ya GB 16, RX 9060 XT hivyohivyo, boksi zinafanana ukisoma haraka. RTX 3060 ilikuwa mbaya zaidi, ya GB 12 ina njia ya memori ya biti 192 na ile ya GB 8 iliyokuja baadae ina biti 128, yaani sio memori tu iliyopunguzwa hata kasi ya kuifikia imepungua, na jina wameacha lilelile. Soma GB, soma biti, usisome jina peke yake.

Kingine ni reitresing, yaani kadi kupiga hesabu ya mwanga unavyodunda badala ya kuuigiza. Zamani ilikuwa pambo unaweza kuzima. Sasa hivi yameanza kutoka magemu ambayo bila kadi yenye uwezo huo hayafunguki kabisa, mfano Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025. Ndo maana GTX 1080 Ti ya 2017, kadi niliyoipenda sana na yenye GB 11 za memori, siwezi tena kumshauri mtu aichukue mtumba hata akiuziwa kwa bei ya huruma.

Kuhusu DLSS ya NVIDIA, FSR ya AMD na XeSS ya Intel: kwa kifupi gemu linachorwa kwa resolusheni ndogo alafu linakuzwa kwa akili nyingi ili lionekane kama kubwa. Kwenye 1440p na 4K ni msaada wa kweli kabisa, mi natumia. Kwenye 1080p inabaki na ukungu fulani maana pikseli za kuanzia zenyewe ni chache. Alafu kuna ile ya kutengeneza fremu za katikati, hiyo inalainisha picha lakini mkono wako hauhisi wepesi wowote, tena unachelewa kidogo, kwahiyo ukianza na fremu 30 utaona namba 60 huku gemu bado ni zito mkononi. Anza na 60 za kweli ndo uiwashe. Ukiona tangazo linalinganisha kadi mbili huku moja imewashiwa hizo fremu na nyingine haijawashiwa, achana nalo, tafuta vipimo vya watu walioipima kwenye magemu yako matatu yale ya kwenye karatasi.

Intel nao wapo, Arc B580 ina GB 12 na kwa daraja lake ni kadi nzuri, ila inahitaji Resizable BAR (setingi inayoiruhusu prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mpigo) iwe imewashwa kwenye BIOS (programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows), kwahiyo usiifunge kwenye kompyuta ya zamani isiyokuwa na hicho kitu, utapoteza nguvu nyingi.

HATUA YA 3: PROSESA

Kwa gemu, viini 6 (core, zile sehemu za prosesa zinazopiga hesabu) vya kizazi kipya vinatosha kwa watu walio wengi na viini 8 ni raha. Viini 16 ni vya mtu anayehariri video au anayefanya kazi nzito nyingine, gemu halivitumii vyote. Kinachosaidia gemu kuliko wingi wa viini ni kashe, ile memori ndogo iliyokaa ndani ya prosesa yenyewe, maana prosesa ikikikuta kitu hapohapo haina haja ya kwenda kukisubiri kwenye RAM. AMD walilithibitisha hilo 2022 na Ryzen 7 5800X3D, wakabandika kashe ya ziada juu ya viini, ikafika MB 96, alafu 7800X3D ya 2023 na 9800X3D ya 2024 zikaendelea na wazo hilohilo la kashe ya ziada. Magemu ya kurusha ndege, ya kujenga miji, ya mikakati na yale ya ushindani yanazipenda sana. Ila kama una skrini ya 4K na kadi ya daraja la kati, X3D utakuwa umeinunulia jina, kadi ndo itakayokuwa inabana muda wote.

Chaguo la kawaida ninalolipendekeza kwa mtu anayeanza upya ni Ryzen 5 7600: viini 6, nyuzi 12 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), wati 65, inakuja na kipozeo chake ndani ya boksi, na inakaa kwenye soketi (sehemu ya mazabodi inapokaa prosesa) ya AM5 ambayo AMD wamesema wataendelea kuihudumia mpaka 2027 na zaidi. Maana yake miaka mitatu mbele unaweza kutoa prosesa ukaweka kali zaidi bila kugusa mazabodi wala RAM, na kwangu hilo lina thamani kubwa kuliko tofauti ya asilimia chache ya fremu leo. Upande wa Intel, kizazi cha 12 mpaka cha 14 kinakaa kwenye soketi ya LGA1700 na Core Ultra 200S inakaa LGA1851, haziingiliani. Prosesa za kizazi cha 13 na 14 zenye nguvu kubwa zilikuwa na tatizo la kupata volti nyingi mpaka zikaharibika taratibu, Intel wakatoa marekebisho ya BIOS 2024 na wakaongeza waranti miaka miwili, lakini apdeti inazuia uharibifu, haiuponyi. Kwahiyo mtumba wa i9 au i7 ya hivyo vizazi ambayo hujui imeishije, mi siigusi.

Herufi za mwisho zina maana. F ya Intel ni haina grafiki ya ndani, bila kadi hupati picha kabisa. K inaruhusu ovakloku, yaani kuikimbiza zaidi ya kasi ya kiwandani. Kwa AMD kuna mitego midogo, Ryzen 5 5500 inaonekana ndugu wa 5600 lakini ina nusu ya kashe, MB 16 badala ya 32, na inaishia PCIe 3.0. Ukiichanganya na kadi ya njia 8 tu za PCIe yenye GB 8 kama RTX 4060 umebana njia pande zote mbili.

Unajuaje kinachobana kwenye kompyuta uliyonayo kabla hujanunua kipya? Fungua gemu lako, angalia fremu, alafu shusha resolusheni mpaka chini kabisa. Fremu zikipanda sana, kadi ndo ilikuwa inabana. Zikibaki palepale, prosesa ndo imefika mwisho. Dakika mbili tu hizo, na zinaweza kukuokolea kununua kifaa ambacho sio.

HATUA YA 4: MAZABODI

Mazabodi haikuongezei fremu. Narudia, haikuongezei fremu, kwahiyo usiweke huko pesa iliyokuwa ya kadi kwa sababu ya taa za rangi. Unachotaka ni soketi sahihi, chipseti (chipu inayosimamia bodi) ya kati (kwa AM5 ni B650 au B850, inatosha kabisa), angalau nafasi mbili za M.2 (ndo inapokaa SSD, ile diski ya chipu), Wi-Fi kama hutavuta waya, na vibati vya kupozea juu ya sehemu ya umeme ya prosesa, pale pembeni ya soketi. Mazabodi ya bei ya chini kabisa mara nyingi inaacha hiyo sehemu wazi, prosesa ya wati nyingi ikikaa hapo inapashwa moto mpaka inajipunguza kasi yenyewe.

Kitu kimoja kidogo ambacho mi sikiachi: kitufe cha kuapdeti BIOS bila prosesa, unachomeka flashi tu na umeme. Ukinunua mazabodi ya B650 iliyokaa dukani muda mrefu ukaweka Ryzen ya mfululizo wa 9000, inaweza isiwake mpaka iapdetiwe, na bila hicho kitufe itabidi uazime prosesa ya zamani ya mtu. Taa nne ndogo za uchunguzi nazo ni muhimu, zile za CPU, DRAM, VGA na BOOT, siku kompyuta ikigoma kuwaka ndo zitakuambia uanzie wapi.

HATUA YA 5: RAM NA SSD

AM5 inatumia RAM ya DDR5 tu. LGA1700 ipo ya DDR4 na ya DDR5 kutegemea mazabodi, na mkato wa chini ya kijiti uko sehemu tofauti kwahiyo haziingiliani hata ukilazimisha (usilazimishe). Nunua vijiti viwili kwenye pakiti moja, usinunue kimoja ukisema kingine utaongeza baadae, maana viwili vinafungua njia mbili za memori na prosesa inaisikia tofauti hiyo. GB 16 ndo kima cha chini, GB 32 ndo ninayoshauri. Kwa Ryzen 7000 na 9000 tafuta DDR5-6000 CL30 (6000 ni kasi, CL ni ucheleweshaji), ukizidi hapo unalipia namba. Na usijaze vijiti vinne ukidhani ni ubabe, kwenye Ryzen 7000 vijiti vinne vya DDR5 rasmi vinashuka mpaka 3600. Bei ya RAM mwishoni mwa 2025 ilipanda vibaya kwa sababu viwanda vinahudumia kwanza mitambo ya akili bandia, kwahiyo kama bajeti imekaza anza na viwili vya GB 8 vya pakiti moja, itakubidi uvibadilishe vyote siku ya kupanda lakini utacheza.

SSD sina maneno mengi. NVMe ya M.2 ya TB 1, PCIe 4.0, chipu aina ya TLC na sio QLC kama unaweza kuchagua. Ile ya PCIe 5.0 inayotangazwa kwa kasi za kutisha, kwenye gemu hutaiona tofauti, weka hiyo pesa kwenye kadi. Diski ya kuzunguka iwe ya kuhifadhia picha na video tu.

HATUA YA 6: PAWA SAPLAI

Hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko sehemu nyingine zote. Pawa saplai ndo kifaa pekee kilichoungwa na kila kifaa kingine, ikifa vibaya haifi peke yake.

Hesabu ni rahisi. Chukua wati za kadi, jumlisha za prosesa, weka 60 hivi za feni, SSD, mazabodi na vinginevyo, alafu acha nafasi. Mfano RX 9060 XT ya GB 16 ni kama wati 160, Ryzen 5 7600 ikikazwa inafika 88, ongeza 60, jumla 310 hivi. Pawa saplai nzuri ya wati 550 inatosha na 650 inakupa nafasi ya kupanda. RTX 5070 ni wati 250 na NVIDIA wenyewe wanasema 650 kwenda juu. RTX 5090 ni 575 kadi peke yake, huko unaongelea 1000. Ile nafasi ya ziada sio anasa, kadi za sasa zinaruka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde zinavuta mara mbili ya kawaida yake, na pawa saplai dhaifu inaona kama kuna shoti inazima kompyuta katikati ya gemu. Zilizotengenezwa kwa kiwango cha ATX 3.0 au 3.1 zimeandaliwa kwa hiyo miruko.

Alafu beji ya 80 Plus watu wanaielewa vibaya. Bronze, Gold na wenzake zinaelezea umeme kiasi gani unapotea kama joto, Gold kwa nusu ya mzigo inapoteza kama asilimia 10, Bronze kama 15. Haisemi kama ndani kuna ulinzi mzuri wa shoti wala kama vipuri vitadumu. Kuna Bronze imara na kuna Gold ya kukimbia. Angalia miaka ya waranti, mtengenezaji anayetoa 7 au 10 anajua alichoweka ndani, na tafuta mtu aliyeifungua akaipima.

Waya sasa. Njia ya PCIe kwenye mazabodi inatoa wati 75, plagi ya pini 6 inatoa 75, ya pini 8 inatoa 150, na ile mpya nyembamba ya 12V-2x6 inaweza kubeba hadi 600. Kadi ikiwa na plagi mbili za pini 8 tumia waya mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai, usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili. Na hiyo plagi mpya isukume mpaka isibaki nafasi hata ya ukucha, usiikunje karibu na kichwa, maana tangu RTX 4090 itoke 2022 kuna plagi zimeyeyuka na mara nyingi ilikuwa haijaingia mpaka mwisho.

Na hili limenikuta. Nilibadilisha pawa saplai ya waya za kuchomoa, nikaona waya za zamani zimeshapita vizuri nyuma ya kasha, nikaziacha nikazichomeka kwenye mpya. Ziliingia bila shida yoyote. Nilipowasha SSD ya SATA na diski kubwa zikafa hapohapo, na kwenye ile diski kulikuwa na picha za familia za miaka mingi ambazo sina nakala mpaka leo. Kumbe upande unaoingia kwenye pawa saplai hauna kiwango kimoja, kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Tumia waya zilizokuja na pawa saplai yako, basi, hata kama itakubidi ufumue kila kitu nyuma ya kasha uanze upya.

HATUA YA 7: KASHA NA KUPOZA

Mbele pawe na wavu, sio kioo kilichofungwa. Feni mbili au tatu zinavuta mbele, moja inatoa nyuma, inatosha. Mazabodi ya ATX ni milimita 305 kwa 244, micro-ATX 244 kwa 244, mini-ITX 170 kwa 170, kasha liandikwe linapokea ya kwako. Pima urefu wa kadi na urefu wa kipozeo, kasha nyingi za kawaida zinaruhusu kipozeo cha milimita 160 hivi, na ukipachika redieta ya kipozeo cha maji mbele inakula urefu wa kadi.

Kwa prosesa za viini 6 na 8, kipozeo cha mnara chenye feni ya milimita 120 kinafanya kazi vizuri na hakina pampu ya kuharibika. Cha maji cha redieta ya 240 au 360 kiwe kwa prosesa za wati nyingi, au kama unapenda muonekano, ni sawa pia, kompyuta ni yako.

KABLA HUJALIPA

Weka orodha yote mbele yako upitie haya moja moja: soketi ya prosesa na ya mazabodi ni ileile, kipozeo kina vishikizo vya hiyo soketi, aina ya DDR inafanana, urefu wa kadi unaingia, kadi inaziba nafasi ngapi, pawa saplai ina plagi kadi inazotaka, na prosesa ina kipozeo kwenye boksi au hapana (7600 inacho, 7600X haina). Ukitaka Windows 11 unahitaji TPM 2.0 (kifaa cha usalama cha ndani), vifaa vyote vya kizazi nilichotaja vinayo, iwashe tu pamoja na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha), na magemu kama Battlefield 6 hayafunguki bila hiyo Secure Boot.

Mtumba je? Prosesa, kasha, kipozeo na RAM nachukua bila wasiwasi sana, ukiacha zile Intel nilizosema. Kadi nachukua kama naiona ikicheza gemu zito dakika 20 mbele yangu, nasikiliza feni, naangalia joto na vidoti vya ajabu kwenye picha. Pawa saplai mtumba hapana. SSD mtumba hapana pia, au uisome kwanza kwa programu ujue imeshaandikiwa data TB ngapi.

KUFUNGA NA KUWASHA MARA YA KWANZA

Bisibisi ya nyota moja inatosha. Gusa chuma cha kasha mara kwa mara kutoa umeme wa mwilini. Nje ya kasha, juu ya boksi la mazabodi, weka prosesa (pembetatu kwa pembetatu, inakaa yenyewe bila kusukumwa), RAM kwenye nafasi ya pili na ya nne kuanzia kwenye prosesa, SSD, kipozeo. Toa ile plastiki ya chini ya kipozeo kabla ya kufunga, ikibaki joto litapanda mpaka mwisho ndani ya sekunde. Pesti (ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo) kiasi cha punje ya njegere. Alafu ingiza pawa saplai, mazabodi, ya mwisho iwe kadi.

Waya wa skrini uuchomeke kwenye kadi, usiuchomeke kwenye mazabodi! Sijui ni watu wangapi nimewakuta wanalalamikia kadi mpya kumbe wanatumia grafiki ya prosesa.

Ukiwasha AM5 mara ya kwanza skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa, ni RAM inajifunza, usizime. Mi nilikaa hapo moyo unadunda nikakaribia kufungasha mazabodi nirudishe, ndo picha ikaja. Ingia BIOS uwashe EXPO au XMP (setingi ya kasi kamili ya RAM), bila hivyo RAM ya 6000 inakimbia kwenye 4800. Weka Windows, weka draiva za kadi, nenda kwenye setingi za skrini uchague hezi yako, maana mara nyingi Windows inakuachia 60 na wewe umelipia 144.

Siku mbili za mwanzo icheze kwa nguvu, jaribu RAM usiku mzima na programu ya kupimia, angalia joto: Ryzen mpya kama 7600 ikigusa nyuzijoto 95 kwenye mzigo mzito ni ndani ya kipimo chake, ila kwenye gemu ikikaa hapo muda wote kagua kipozeo. Kifaa kibovu mara nyingi kinajionyesha mapema, na ni bora kife ukiwa bado una haki ya kukirudisha. Maboksi usitupe, na kile kifuniko cha plastiki cha soketi ya mazabodi kiweke ndani ya boksi lake, maana kuna watengenezaji hawapokei mazabodi ya waranti bila hicho.